Mawe ya Chokaa Yalipokwisha

Kabla kiwanda cha sabuni hakijawasha tanuri lake jipya, watu wa mtaa wetu wa Gasenyi waliitwa kikaoni, na mimi ndiye niliyetumwa kuzungumza nao. Mkurugenzi alinichagua kwa sababu nilisomea kemia na kwa sababu niliishi palepale, nyuma ya ukuta wa kiwanda, ng'ambo ya mfereji.

"Wewe watakusikiliza," aliniambia. "Mimi wataniona mtu wa gari tu."

Tulikutana katika uwanja wa shule ya msingi, watu wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje. Walikuwa na wasiwasi, na nilijua kwa nini. Miaka yote kiwanda kilichemsha mafuta ya sabuni kwa mazutu, yaani dizeli, lakini mazutu ilikuwa imeadimika mjini hadi watu wakalala kwenye foleni za pampu. Sasa kingetumia makaa ya mawe, yaliyovushwa ziwa kwa meli kutoka upande wa Tanzania. Mtu mmoja alikuwa amewaambia kwamba makaa hayo yana sumu.

Sikuwaficha. Niliwaambia kwamba ndani yake mna kiberiti. Si njiti za kuwashia jiko, bali yale madini ya njano yaliyozipa njiti jina. Yakiungua hutoa hewa kali inayochoma koo na kubana kifua. Hewa hiyo haina rangi. Unaweza kutazama bomba la moshi ukaona mbingu safi juu yake, na bado ikawa inakushukia.

Kisha nikawaeleza tanuri letu, la kuchemsha maji yawe mvuke wa kuivishia sabuni. Katika jiko la kawaida, makaa hulala juu ya chuma yakaungua. Letu lilikuwa na sahani ya chuma yenye matundu mengi madogo, na juu yake mchanga. Feni kubwa ilisukuma hewa kutoka chini, mchanga ukainuka na kutokota kama uji wa mtama, na ndani ya uji ule wa moto ndimo makaa yaliyopondwa yalimoungulia. Pamoja na makaa tulitia mawe ya chokaa yaliyosagwa. Chokaa ikishapata moto hukikamata kiberiti palepale mchangani, vikashikana vikawa unga mkavu, tukautoa pamoja na majivu. Kinachopanda bombani kinakuwa kidogo mno.

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alinyanyua mkono. Nilimfahamu, alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alitoka Gatumba, mafuriko yalipoingia nyumba yake mpaka madirishani, akaja kwetu na watoto wake na nyavu za kukaushia ndagala. Kila alfajiri alikwenda Kajaga kununua ndagala kwa wavuvi, akazianika uani. Alikuwa na pumu.

"Na hayo mawe yakiisha?" aliuliza. "Mutafanya je?"

"Yakiisha, tunazima," nilimjibu mbele ya watu wote.

Akageukia wenzake. "Mi namuamini. Analala fasi moja na sisi. Na yeye ana mapafu."

Watu wakacheka, na kikao kikaisha kwa makofi.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Nilisimamia chumba cha tanuri pamoja na fundi mmoja wa Buyenzi, mtu wa makamo, Mwislamu mwenye kofia ya kufumwa isiyotoka kichwani hata penye joto. Matofali yote ya ndani ya tanuri, au shodieri kama alivyoliita yeye, aliyajenga kwa mikono yake, na alilipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyojijengea. Mimi alinifundisha kusikiliza feni. Mimi nilimfundisha kuchungulia kwenye kidirisha cha kioo kinene: mchanga ukiwa wa rangi ya chungwa lililoiva, chokaa inafanya kazi, ukianza kuelekea weupe, moto umezidi, na chokaa inakiachia kiberiti. Tukibishana, tulibishana juu ya chai. Yeye alitaka sukari nyingi.

Mawe ya chokaa yalitoka Cibitoke kwa malori. Makaa yalitoka ziwani kwa meli. Sikuwahi kufikiri kwamba tofauti hiyo ingekuwa na maana, mpaka mazutu ilipokauka kabisa. Meli zilijaza matangi yao ng'ambo, kwa hiyo makaa yaliendelea kufika, meusi na mengi, kilima juu ya kilima. Malori yalisimama. Kilima cha chokaa nyuma ya kiwanda kilianza kushuka. Kwanza niliona ukuta uliokuwa umefichwa nyuma yake. Halafu nikaona mlango mdogo katika ukuta ule, mlango ambao sikujua kuwa upo.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Aliwajua wafanyakazi wote, na mmoja akifiwa alikuja msibani, akakaa chini kama wengine.

"Tupunguze mvuke," nilimwambia. "Tutie makaa kidogo, chokaa itatufikisha mbali."

"Nikipunguza mvuke, sabuni haiivi. Sabuni isipoiva, watu hawa wote wanarudi nyumbani." Alitazama dirishani. "Lori liko njiani, Madame. Tuvumilie."

Nilizoea kusikia neno hilo, njiani. Mjini kwetu wakati ule kila kitu kilikuwa njiani.

Siku chache baadaye nilikuta wanaume wa baiskeli mlangoni wakishusha magunia. Ndani yake mlikuwa na mawe meupe, mazuri, yanayong'aa. Mkurugenzi alikuwa amepata mtu wa milimani anayeyachimba, na baiskeli haihitaji mazutu. Alisimama pale akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilichukua jiwe moja, nikalipeleka kwenye chumba changu cha vipimo, nikalidondoshea asidi. Jiwe la chokaa likiguswa na asidi hutoa povu na kufoka kama mafuta yaliyomwagikiwa maji. Hili lilikaa kimya. Nikajaribu jingine, kutoka gunia jingine. Kimya vilevile. Nililitazama tone lile likiteleza juu ya jiwe jeupe na kudondoka mezani.

Nikamwita mkurugenzi aje aone kwa macho yake.

"Labda yakipata moto yatabadilika," alisema.

"Hayatabadilika. Huu ni mchanga, shefu. Mchanga mweupe. Tukiutia ndani hausaidii kitu. Tuzime."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Changanya na chokaa iliyobaki. Siku chache tu. Nakuomba."

Jioni ile, kabla giza halijaingia, nilipita nyumba kwa nyumba upande wetu wa mfereji. Niliwaambia watu ukweli: chokaa nzuri inakwisha, upepo ukitoka ziwani mchana, fungeni madirisha, waingizeni watoto. Wengine walinishukuru. Wengine walinitazama kama mtu anayeleta habari ya ugonjwa. Jirani yangu alikuwa akigeuza ndagala zake juu ya wavu, na aliendelea kuzigeuza nilipokuwa nikisema.

"Ulisema mutazima."

"Nimemwambia mkurugenzi. Sijapewa ruhusa."

"Apana, dada. Haukusema ruhusa." Hakupandisha sauti. "Ulisema tunazima."

Akageuza safu nyingine ya ndagala.

Kiwandani habari zilinitangulia. Asubuhi wenzangu walikuwa wamejipanga penye mabomba ya kunawia mikono, na mmoja wao, mama wa kufunga sabuni, aliniuliza kwa upole ambao uliniumiza kuliko tusi, "Unataka tufunge? Watoto watakula moshi ama watakula njaa?" Hata fundi alitikisa kichwa. "We umesoma sana," aliniambia. "Lakini maneno ingine mutu anaiweka mu tumbo."

Tukaanza kuona dalili. Maharage yaliyopandwa kando ya ukuta yalipata madoa ya rangi ya majani makavu kati ya mishipa, jani likabaki kama kitambaa kilichomwagiwa dawa ya kufulia. Lengalenga, mchicha wetu, zikafuata. Misumari ya mabati ilianza kulia machozi mekundu. Asubuhi mtaa mzima ulinuka kama mtu amewasha njiti na kuzima, amewasha na kuzima, bila kuacha. Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia jirani yangu akikohoa, kikohozi kifupi, kikavu, kama mtu anayebisha hodi pasipo na matumaini ya kufunguliwa.

Ikaja Jumamosi moja. Jumamosi asubuhi kila mtu hutoka kufanya kazi za jumuiya, na siku ile kazi ilikuwa kuzibua mfereji kati ya mtaa na kiwanda, kwa sababu mvua kubwa ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa yamesimama. Kiwanda kilikuwa na kibali cha kuendelea. Mimi nilikuwa zamuni.

Nilipofika niliona mawingu yamelala chini mno, juu ya mapaa tu. Upepo ulikuwa hakuna kabisa, jani halikutikisika. Ziwa halikuonekana wala milima haikuonekana. Moshi uliotoka bombani haukupanda. Ulijikunja mdomoni mwa bomba, ukashuka ubavuni mwake taratibu, kama mnyama anayeteremka mti kinyumenyume.

Ndani walikuwa wametaka mvuke zaidi, kufidia kazi ya siku iliyopotea kwa mvua. Nilichungulia kidirishani. Mchanga ulikuwa umeshapita rangi ya chungwa. Uliniumiza macho kwa weupe wake. Nikajua kwamba hata ile chokaa kidogo ya kweli iliyobaki humo haikuwa inakamata kitu tena.

Nilipanda ngazi ya nje kutazama mfereji. Watu walikuwa wengi kule chini, wanaume kwa wanawake, majembe na mabeleshi, wakiimba kidogo na kutaniana. Halafu kuimba kukakatika upande mmoja. Nikaona mtu anajifunika mdomo kwa kitenge. Mwingine akatupa jembe. Ikawa kama upepo unaopita kwenye shamba la mpunga, isipokuwa upepo haukuwepo: wakainama safu baada ya safu, wakishika vifua, wakifuta macho. Baadhi walikimbia kuelekea barabarani. Jirani yangu hakukimbia. Alikaa chini ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya matope, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka.

Nilirudi ndani mbio. "Simamisha makaa!" nilimpigia fundi kelele.

"Direktere amesema?"

"Mimi ndiye nasema. Watu wanaanguka huko nje."

Alisimama mbele ya swichi ya parafujo ya makaa, ile skrubu ndefu iliyosukuma makaa ndani ya tanuri. "Shodieri ikipoa gafla, matofali itapasuka. Yote. Unajua nilijenga kwa muda gani? Ngoja nimupigie simu kwanza."

"Pita, kaka. Tafadhali pita."

Hakupita. Nikapenya chini ya mkono wake, nikaizima. Parafujo ilisaga kidogo, ikanyamaza. Feni niliiacha ikizunguka, ili makaa yaliyokwisha kuingia yaungue yaishe. Feni nayo ingezimwa, mchanga ungelala na makaa yangebaki yakifukiza chini yake siku nzima. Fundi akavua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akajifuta uso nayo, akaenda kukaa.

Nilifunga kanga yenye maji usoni nikatoka. Hewa ilikuwa na makali, ikauma ndani ya pua na nyuma ya meno. Jirani yangu midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Gari halikuwepo, na hata lingekuwepo lisingekuwa na mazutu. Wanaume wawili walimpandisha kwenye baiskeli, mmoja akimshika kulia na mwingine kushoto, wa tatu akisukuma, nami nikikimbia nyuma nikibeba viatu vyake, sijui kwa nini viatu. Kituo cha afya walimwekea oksijeni. Nesi alituuliza alikuwa amekula nini.

Alipona. Wengi walipona, macho yaliwasha, makoo yakauma, basi. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa letu alianza kukohoa siku ile na hakuacha, na kabla ya wiki mbili tukamzika. Daktari alisema moyo. Inawezekana ulikuwa moyo. Alikuwa na umri mkubwa. Pale makaburini watu walinitazama, wakatazama bomba, kisha wakatazama chini.

Matofali yalipasuka, kama fundi alivyosema. Kiwanda kilifungwa ili tanuri litengenezwe, na mkurugenzi akanisimamisha kazi. Hakunifokea. "Ungenipigia simu," alisema tu. Nikamwambia, "Ningekupigia, ungesema siku chache." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekiri, na bado akanisimamisha.

Zile zilikuwa wiki mbaya. Wake wa wafanyakazi walinipita sokoni bila salamu. Nyumbani nilifua mapazia mara kwa mara, nikiyanusa, nikiyafua tena. Jirani yangu alirudi kutoka kituo cha afya amekonda, na siku moja nikamkuta akikunja nyavu zake na kuzifunga kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Narudi Gatumba."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Gatumba? Na maji?"

"Maji iko," alisema. "Mwaka huu itarudia tena, najua. Lakini maji, ninaiona ikikuya. Ninaona iko kwa jirani, naona iko ku mulango, nabeba watoto. Hii yenu haionekane." Alifunga fundo la mwisho, akalijaribu. Kisha akanishika mkono. "We ulizima. Nimesikia. Mungu akubariki. Lakini mi siwezi kulala nikisikilizia."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Watoto wake walibeba sufuria vichwani.

Mvua zilipokaribia kwisha, malori yakapata mazutu. Niliyasikia kabla sijayaona, yakipanda kwa gia ndogo, mizigo mizito, meupe kwa vumbi. Alasiri ile mkurugenzi alikuja nyumbani kwangu kwa miguu. Nilimpa kiti uani, akakaa, akaitazama sehemu tupu ya jirani ambako nyavu zilikuwa.

"Nakuhitaji urudi," alisema.

"Chokaa isipokuwepo, moto haupo. Sitaomba ruhusa."

"Ndiyo," alisema. Alisema upesi mno. Kama angefikiri kidogo kabla ya kukubali, ningemwamini zaidi. Lakini nilijua nikikataa, angepata mtu mwingine wa kusimama pale, na mtu huyo huenda asingeishi ng'ambo ya mfereji.

Nikarudi. Fundi alikuwa amemaliza kujenga matofali upya. Aliniona mlangoni, hakuinuka.

"Usinivunjie tena," alisema.

"Usinizuie tena."

Alifikiri, akamimina chai katika vikombe viwili. Changu alikitia sukari kwa kipimo chake. Nilikinywa chote.

Tangu hapo tumewasha na kuzima mara nyingi. Mchanga ukiwa na rangi yake nzuri na chokaa ya kweli ndani, mtaa hauna harufu, maharage yanachipua majani mazima, na watu husahau. Hilo la kusahau ndilo linanitia hofu. Mwaka huu wameanza kuchimba msingi wa tanuri la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nilitazama mchoro wake ukutani kwa mkurugenzi: ghala la makaa limechorwa, bomba limechorwa, hata mahali pa kuegesha magari. Niliuliza chokaa itakaa wapi. Walinijibu kwamba hilo bado linajadiliwa.

Na wiki hii foleni zimerudi kwenye pampu. Jana nilikwenda nyuma ya kiwanda. Kilima cha mawe kimeshuka mpaka usawa wa kiuno changu, na lori lililotegemewa halijaja. Mkurugenzi amesema liko njiani. Nimemwambia mbele ya fundi, kwa sauti ya kawaida, kwamba lisipofika kesho kabla ya adhuhuri, ninasimamisha makaa. Safari hii nitapoza tanuri polepole, nikipunguza makaa tangu asubuhi tukilisubiri lori, ili matofali yasipasuke. Fundi hakubisha. Aliniuliza tu saa ngapi tuanze.